Mafundo ya Cheche

Nilimwambia shemeji yangu kwenye meza ya chakula, mbele ya dada yake, ili asije mtu akasema sikusema. Gari la Mama Mayai likiwaka, benchi lako lipo palepale na Jumatatu unarudi kazini. Lisipowaka, unakaa nyumbani na dawa zako, na mimi natafuta fundi mwingine wa umeme.

Mke wangu aliweka kijiko chini, akaniangalia kama unavyomwangalia mbwa aliyeingia jikoni. Huyo niliyekuwa namwambia hivyo ni kaka yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao afariki. Lakini mwenyewe alicheka.

"Mwache, mdogo wangu," alisema. "Nyundo haijui kubembeleza msumari."

Nyundo ndilo jina langu la gereji. Nilipewa kwa sababu ya mdomo, si kwa sababu ya kazi. Yeye ni Cheche. Tumekaa chini ya bati moja miaka kumi na tisa, mimi upande wa chuma na grisi, yeye upande wa umeme, na hakuna aliyegusa cha mwenzake. Halafu sukari ikampata. Ilianza na kiu, ikaja kidonda kisichopona, ikachukua vidole viwili vya mguu wa kushoto, ikamweka kitini miezi saba. Mtu aliyezoea kuitwa tangu asubuhi, Cheche huku, Cheche kule, ukimweka kitini anaanza kuhesabu misumari ya dari. Alikuja kukaa kwetu, akapungua, akawa anasukuma sahani kabla haijafika nusu. Mke wangu aliniambia wazi: huyu asiporudi kazini tutamzika, na haitakuwa sukari iliyomuua.

Kwa hiyo nilimpa gari la Mama Mayai. Watu wanadhani sina huruma. Ninayo, ila haijui kuvaa nguo nzuri.

Kabla sijaendelea lazima niseme habari ya mafundo.

Shule niliiacha darasa la tatu. Kusoma najua, lakini nasoma kama mzee anavyopanda ngazi, nikifika kila herufi napumzika. Mafundi umeme wakitaka kushusha injini wanabandika tepu kwenye kila waya, wanaandika: huu wa stata, huu wa oili. Cheche naye aliandika hivyo mwaka wake wa kwanza. Siku moja alinikuta nimesimama na waya mkononi, naisoma ile tepu, midomo inacheza. Hakusema neno. Gari lililofuata hapakuwa na tepu. Kila waya ulikuwa na kipande cha uzi wa kushonea viatu, na uzi una mafundo. Fundo moja, stata. Mawili, kompresa ya kiyoyozi. Matatu, oili. Manne, joto la maji. Mafundi wengine walipomuuliza, aliwaambia wino unafutika na grisi. Mimi nilijua sababu, na sikuwahi kumwambia asante.

Kwa miaka kumi na minane mafundo yale hayakunidanganya hata siku moja. Mke wangu amewahi kunidanganya. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, amewahi kunidanganya. Mafundo, hapana.

Sasa gari. Mama Mayai anasambaza mayai madukani kwa gari la zamani, refu nyuma kama jeneza la watu wawili. Injini yake ilikufa, tukampatia nyingine iliyotumika, ya ukoo uleule lakini ndugu tofauti kidogo, kwa hiyo nyaya zote ilibidi zisukwe upya. Na mama mwenyewe alikuwa na sharti moja, kwamba kiyoyozi lazima kifanye kazi.

"Hicho kiyoyozi si changu," aliniambia. "Mimi jua nimelizoea. Ni cha mayai. Yai likipata joto sana linaanza kujiona kifaranga."

Kile kisanduku cha zamani cha kuendesha kiyoyozi hakikupatana na injini mpya, basi Cheche akapiga njia ya mkato. Aliweka swichi ndogo ya kubonyeza kwenye dashibodi, na kutoka hapo waya moja kwa moja mpaka kwenye kompresa. Ukibonyeza, kompresa inashika. Ukibonyeza tena, inaachia. Basi.

Alikuja na fimbo yake asubuhi tatu mfululizo, akakaa kwenye stuli mbele ya injini ikiwa bado juu ya mbao. Alisuka nyaya, akazivika tepu nyeusi zote, hakuna tena rangi ya kuonekana, akazifunga uzi. Alifanya kazi kama zamani, uso ameuelekeza barabarani, vidole vinatembea vyenyewe. Macho yalikuwa na ukungu siku hizo, lakini hilo halikunitisha, kwa sababu Cheche hakuwahi kufanya kazi kwa macho. Hayo ndiyo yalikuwa majivuno yake. Haangalii.

Asubuhi ya pili nilisikia harufu ya ngozi inaungua. Nikageuka. Ncha ya chuma cha kuchomelea solda ilikuwa imelala juu ya kidole chake cha shahada, na yeye anaongea na mimi habari za mpira. Nikamwonyesha. Akakitazama kidole kama cha mtu mwingine, akakizungushia kitambaa.

"Ngozi ya fundi hiyo," alisema. "Ukiivaa miaka ishirini inakuwa bati."

Nilicheka. Naye alicheka, lakini alimaliza kucheka kabla yangu.

Alhamisi nikapandisha injini, nikafunga nyaya kwa kufuata mafundo. Fundo moja likaenda stata, mawili yakaenda kompresa, na mengine yote hivyohivyo. Ijumaa saa tatu asubuhi tukafunga betri. Cheche akaingia kwenye usukani, fimbo akailaza kiti cha pembeni. Mama Mayai alisimama mlangoni ameshika pochi kwa mikono miwili. Nikamwambia shemeji apige stata.

Tak.

Hakuna kingine. Tak moja, kama kopo linalofungwa, na injini imelala vilevile. Akarudia. Tak. Mara ya tatu, tak.

Mama Mayai alisema hata kuku wake wakiumwa wanatoa sauti ndefu kuliko hiyo, kisha akauliza arudi saa ngapi. Nikamwambia saa kumi. Nilisema saa kumi kama mtu anayejua.

Tak kwa fundi ina maana yake. Ina maana stata imepata amri lakini haina nguvu ya kuzungusha. Nguvu inatoka kwenye betri, basi nikachomoa betri ya gari la jirani lililokuja asubuhi hiyo kwa miguu yake lenyewe. Tak. Nikavisugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka vikang'aa. Tak. Nikafungua ule waya mnene unaofunga injini na bodi, nikausafisha pande zote mbili, nikaurudisha, nikaongeza na mwingine juu yake. Tak.

Cheche hakukaa bure. Aliomba taa ya kupimia, akatafuta relei ya stata, kile kiswichi kinachoipelekea umeme, akaniambia nigeuze ufunguo. Taa ikawaka. Akasema umeme unatoka, na kwenye stata unafika, maana tak si unaisikia. Maneno yalikuwa na akili, nikayakubali.

Saa sita nikaishusha stata yenyewe. Katika injini ile stata imejificha chini ya manifodi, yale mabomba ya hewa ya injini, bisibisi haifiki, taa haifiki, inafika mikono tu na matusi. Nililala chali saa nzima na mkono umepita mahali ambapo Mungu hakukusudia mkono upite. Nikaufungua waya wake wenye fundo moja, nikaitoa, nikaiweka sakafuni, nikaipa betri moja kwa moja. Ikaruka kama samaki. Nzima kabisa. Nikairudisha, nikaufunga waya wake. Kuupima ule waya kwa taa nikiwa kule chini hakukunijia kichwani. Wa nini? Ulikuwa na fundo moja.

Tak.

Saa nane jua lilikuwa limekaa juu ya bati na sisi tulikuwa chini kama mikate. Mke wangu alikuwa amepiga simu mara mbili kuuliza kama limewaka. Nilimwambia bado. Mara ya pili alikata tu. Cheche alikuwa ameketi kwenye usukani, shati limemgandia mgongoni, hataki maji, hataki kushuka. Lilikuwa limebaki jambo moja, na alilisema yeye.

"Shemeji, injini yako imekaza."

Nikamwambia injini hii niliizungusha kwa mkono jana, hapahapa, mbele yake.

"Jana si leo," alisema. "Umeme wangu upo. Chuma chako ndicho kimelala."

Nilikuwa na njaa, nina mchanga jichoni, na mtu ananiambia nimempa mteja injini iliyokaza. Nikamjibu kwamba miezi saba amekaa kitini na leo anakuja kunifundisha injini. Nilipolisema tu nikajua limefika mahali ambapo sikulituma. Aliushika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha.

"Izungushe basi tuone," alisema baadaye.

Kwenye gereji yetu kuna sheria moja ambayo haikuandikwa kwa sababu yangu, lakini kila mtu anaijua: mkono ukiingia kwenye injini, swichi inazimwa. Nikamwambia azime. Nikasikia ufunguo ukigeuka. Akasema amezima. Sikwenda kuangalia. Miaka kumi na tisa, Cheche akisema amezima, amezima.

Nikachukua spana kubwa, nikaivisha kwenye nati ya puli ya mbele, nikaegemea. Injini ikazunguka. Ilizunguka taratibu, nzito lakini laini, kama inavyotakiwa. Nikamwambia kwa sauti kwamba inazunguka, kama anataka ushahidi aje ashike mwenyewe.

Alikuwa anawaza, na nilipomsikia nikaijua ile sauti. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya siku zile akinusa kosa kabla ya kuligusa.

"Shemeji. Ile tak inatoka wapi?"

"Kwenye stata."

"Stata iko nyuma kule, chini. Mbona mimi naisikia mbele?"

Akaanza kushuka aje kusikiliza karibu. Mtu mwenye mguu mbovu hashuki garini hivihivi, lazima ajisukume. Akaweka kiganja kwenye dashibodi ajinyanyue. Na mimi wakati huohuo jasho likaniingia jichoni, nikaiachia spana nijifute.

Injini ikapiga yenyewe. Hakuna aliyegusa ufunguo. Spana ikazunguka na puli, ikaichana rejeta, ikachomoka, ikapita karibu na goti langu na kugonga kabati la vifaa. Injini ikawaka. Iliwaka na ikapanda, na ndani yake stata inalia kama nguruwe, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiiachia. Nikakimbilia mlangoni, nikapitisha mkono mbele ya kifua chake, nikageuza ufunguo nyuma. Injini ikatulia. Maji ya rejeta yalikuwa yanamwagika chini ya gari.

"Mkono wako," alisema.

"Upo."

"Vidole vyote?"

"Vyote."

Akautazama ufunguo. Haukuwa umezimwa. Ulikuwa umesimama hatua moja kabla ya kuzima. Kuna kale kashimo ambako ufunguo unatumbukia ukizima kabisa, kila mtu anakasikia kwenye vidole bila kuwaza. Kisha akakitazama kiganja chake juu ya dashibodi. Chini yake ile swichi ndogo ya kiyoyozi ilikuwa imebonyea.

"Nilijua nimezima," alisema. Halafu akasema, polepole, "Kiyoyozi kimepiga stata."

Alilijua lote kwa mara moja, kabla yangu. Ukigeuza ufunguo, umeme wa stata unakwenda kwenye kompresa, na kompresa inasema tak. Ukibonyeza kiyoyozi, umeme wa kompresa unakwenda kwenye stata. Nyaya mbili zimebadilishana makazi. Siku nzima tulikuwa tunasikiliza kompresa.

Kilichokuwa kimebaki ni nani aliyezibadilisha.

Alichukua fimbo, akashuka, akaja mbele ameshika bodi kwa mkono mwingine. Akainama juu ya kompresa, akautafuta waya wake, akaupata, akaupata na uzi. Akauweka kati ya kidole gumba na cha shahada. Zamani jambo hilo lilimchukua muda wa kupepesa jicho. Safari hii aliupitisha, akaurudisha, akaupitisha tena. Akabadilisha vidole. Akausogelea kwa macho mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, akatikisa kichwa. Akajaribu mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa na lile jeraha la solda, limepasuka, linatoa maji, na alikuwa anausugua uzi palepale kwenye jeraha, uso wake hausemi chochote.

Nilisimama tu. Nilitamani Mama Mayai atokee. Nilitamani simu ilie.

"Shemeji," alisema, bila kuinuka. "Hapa pana mafundo mangapi?"

Neno moja tu lingetosha. Ningesema "moja", ingekuwa ni mimi niliyekosea, nimeupeleka waya wa stata kwenye kompresa, mzembe, chuma hakijui umeme. Angenitukana, tungecheka, Jumatatu angekuwa kwenye benchi lake. Yeye asingeweza kujua. Alikuwa ameniuliza kwa sababu hawezi kujua. Na mimi niliwaza gari litakalofuata, na lile la baada yake, na mtu fulani amelala chini yake, na Cheche juu anasema nimezima.

"Mawili," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kidogokidogo.

"Kwa hiyo wewe uliweka sawa."

"Niliweka kama ulivyofunga."

Nilizibadilisha zile nyaya mimi mwenyewe, nikalala tena chali chini ya manifodi. Yeye alikaa kwenye stuli akiangalia barabara. Nilipogeuza ufunguo gari liliwaka papo hapo, vizuri, kama halikuwahi kugoma. Nikalizima haraka kwa sababu ya rejeta. Nimewasha injini nyingi maishani, na hiyo ndiyo pekee ambayo nilitamani isiwake.

Mama Mayai alikuja saa kumi. Nikamwambia gari limewaka lakini rejeta imetoboka, makosa yetu, alifuate kesho. Akauliza ni nani aliyegundua ugonjwa wake. Nikamwonyesha Cheche. Akamwambia hongera, kisha akaniambia mimi nimshike vizuri, mafundi kama huyo wamekwisha.

Alipoondoka, Cheche aliinuka, akaichukua taa yake ya kupimia na plaizi yake ya mpini mwekundu. Aliviweka kwenye benchi langu. Hakuviweka kwenye lake.

"Tafuta mtu," alisema. "Atakayekuja ataandika kwenye tepu. Jifunze, Nyundo. Herufi si nyingi."

Miaka kumi na minane, na hiyo ndiyo siku pekee aliyolitaja. Nilitaka kumwambia lile asante. Nikamuuliza kama nimwitie gari la kumpeleka nyumbani. Akasema atatembea.

"Na mdogo wangu usimwambie habari ya vidole," alisema akiwa mlangoni. "Akijua ataanza kunikatia nyama kama mtoto. Mwambie nimekataa kazi."

Nikamwambia sawa.

Nilipofika nyumbani nilikuta ovaroli yake imefuliwa, imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, imetundikwa kwenye mlango wa chumba chake. Mlango umefungwa na yeye yumo ndani. Mke wangu alikuwa jikoni. Akaniuliza kama limewaka. Nikamwambia limewaka. Uso wake ukafunguka jinsi ambavyo sijauona ukifunguka tangu mguu wa kaka yake ukatwe vidole.

"Basi Jumatatu anarudi."

"Harudi."

"Gari si limewaka?"

"Amekataa mwenyewe."

Akauliza itakuwaje mtu aliyekuwa halilii chakula, analilia kazi, akatae kazi mwenyewe siku anayoipata. Akauliza nimemwambia nini. Nikasema sikumwambia kitu. Hakuniamini, na angeniaminije? Ananijua. Nilimwambia kaka yake neno moja tu, na lilikuwa la kweli, na siwezi kulirudia mbele yake.

Alikwenda akaitoa ile ovaroli mlangoni, akaikunja ndogo, akaiweka juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula na kuondoka mezani. Kaka yake anakula vijiko vitatu, vinne. Juzi kijiko kilimponyoka mkononi, na mke wangu akanitazama mimi.

Fundi mpya wa umeme nimempata. Ni mtu wa makamo, kazi yake safi, hana maneno. Anabandika tepu kwenye kila waya na anaandika kwa herufi ndogo kama sisimizi. Wiki iliyopita alinikuta nimesimama mbele ya injini na waya mkononi, midomo inacheza. Aliniona, najua aliniona. Hakusema kitu. Gari lililofuata, tepu zilikuwa zilezile.